Kichota tope kilichochomelewa Chang'ombe: Hombolo kimefaulu, mlangoni mwa Wami kimelemewa

Kama unatafuta kifaa cha kuchotea tope la chini ya maji kwa ajili ya kupima sumu, na huna fedha ya kuagiza Ulaya au Marekani, soma hapa kabla hujatoa hela yako. Nimekitumia kichota tope kilichotengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa Dodoma, upande wa Chang'ombe, kiangazi chote. Kwanza nilikipeleka bwawa la Hombolo, kisha nikashuka nacho hadi pwani, pale Mto Wami unapoingia baharini karibu na Saadani. Kwa bwawa nakipendekeza bila kusita. Kwa mlango wa mto kina upungufu ambao lazima uujue mapema.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na kazi inayonipa ugali ni kupima metali nzito na viuatilifu kwenye udongo na mashapo, yaani tope lililotuama chini ya maji. Wanafunzi wa vyuo, maofisa mazingira wa halmashauri na vikundi vya wavuvi huniletea tope wakitaka kujua kama lina risasi, zebaki, shaba au kadimi. Wengi wamelichota kwa jembe au kwa ndoo yenye kamba. Ukichota hivyo, ule utando laini wa juu unaondoka na maji wakati jembe linapanda, na utando huo ndio ulioshika uchafu wa miaka ya karibuni. Kinachonifikia mezani ni udongo wa zamani. Mashine itausoma vizuri, cheti kitachapwa vizuri, na jibu litakuwa la uongo. Hili linanikera sana, kwa sababu nyuma ya hicho cheti kuna watu wanaovua, wanaomwagilia bustani na wanaolisha watoto samaki wakiamini kwamba maji yao yamepimwa.

Wengine huniuliza sisi wa Dodoma tuna habari gani na milango ya mito wakati bahari iko mbali. Wafuate maji yanakokwenda. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, linalishwa na Kinyasungwe Ndogo. Kinyasungwe inashuka upande wa Mpwapwa, inakutana na Mkondoa huko Kilosa, maji hayo yanakuwa Wami, na Wami unamwagika Bahari ya Hindi. Kwingine, Ruaha Mkuu na Kizigo hukutana Mtera, maji yakateremka hadi Rufiji na delta yake. Bahi ndiko kwenye tabia tofauti, maji yake hayaendi baharini, yanatandaa na kukauka hukohuko. Kwa hiyo kinachooshwa na mvua zetu za Desemba hadi Aprili kutoka gereji, madampo na mashamba ya zabibu kina njia ya kufika kwenye mikoko. Nataja zabibu kwa makusudi, maana baadhi ya dawa za ukungu zinazopigwa kwenye mizabibu zina shaba, na shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo, na udongo unahama na mafuriko.

Tope hilo likifika mlangoni linatuama, na sababu yake ni chumvi. Chembe za mfinyanzi zikiwa kwenye maji baridi zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana mto wa masika unabaki na rangi ya chai ya maziwa mwendo mrefu. Zikikutana na maji ya chumvi zinaacha kusukumana, zinashikana, zinakuwa nzito na kuzama. Metali na viuatilifu vilivyong'ang'ania kwenye chembe hizo vinazama pamoja nazo. Hapo ndipo kaa, kamba na mabuu wa kila aina wanapopata chakula, na samaki wachanga hukulia hapo. Ghuba ya Minamata kule Japani ilionyesha mwisho wa hadithi hii unavyoweza kuwa: kiwanda kilimwaga methili zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, baharini, ugonjwa wa watu waliokula samaki ukatambuliwa rasmi mwaka 1956, na kazi ya kulichimba na kulifukia lile tope ilianza mwaka 1977 ikaisha mwaka 1990. Sisi tuna wachimbaji wadogo ambao bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, na bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa wanaweza kuigeuza zebaki ya kawaida ikawa hiyo methili zebaki. Mtu anayesema tope ni tope tu hajalifikiria.

Sasa kifaa.

Muundo wake ni wa Ekman, uliobuniwa na Msweden Sven Ekman mwaka 1911, na hadi leo hauna mpinzani kwa tope laini. Ni boksi lisilo na kitako, upana sentimita 15 kwa 15. Chini lina taya mbili zinazovutwa na springi. Juu lina vifuniko viwili vyepesi: boksi likishuka vinafunguka maji yapite, likipanda vinalala na kufunga ili maji yasiuvuruge uso wa tope. Boksi likishakaa chini, unaachia kizito kidogo kinachoteleza kwenye kamba, kinagonga mtambo wa juu, na taya zinajifunga. Kishindo chake unakisikia mkononi kupitia kamba.

Nilimpelekea fundi mchoro na picha. Aliuangalia mchoro muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza, "Mama, likishuka, maji yatatokea wapi?" Hapo nilijua nimefika kwa mtu sahihi. Boksi lililozibwa juu linasukuma wimbi mbele yake, na wimbi hilo linaupeperusha utando wa juu kabla taya hazijafika. Nimewahi kuona vichota tope vya dukani vyenye vifuniko vizito kiasi kwamba havifunguki hadi uviinue kwa kidole. Huyu kijana alitengeneza vifuniko kwa karatasi nyembamba ya stenlesi, na bawaba zake ukizipuliza tu zinacheza.

Tulivutana kwenye suala la bati. Yeye alitaka kutumia bati lililopakwa zinki kwa kuwa ni rahisi na lipo kila duka la vifaa. Nikamwambia, fundi, hilo bati lina zinki. Akajibu, "Mama, si ni mpako wa juu tu?" Huo mpako ndio mashine yangu itakaousoma. Tukakaa kwenye benchi nikamfanyia hesabu. Wanaopima mashapo wengi hutumia namba za Kanada kama kipimo cha kwanza, na kwa maji baridi zinki inaanza kutiliwa shaka ikizidi miligramu 123 kwa kilo ya tope kavu. Punje ya zinki ya miligramu moja, ambayo huwezi hata kuihisi kidoleni, ikidondokea kwenye gramu moja ya tope, itasomeka miligramu 1,000 kwa kilo. Hapo bwawa safi limeshahukumiwa kuwa na sumu kwa sababu ya boksi. Alinielewa papo hapo, akaacha kabisa habari ya bati, na hakutumia risasi ya kulehemu wala rangi mahali popote. Hata kile kizito cha kwenye kamba, ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa shaba nyeupe au risasi, alikichonga kwa kipande cha shafti ya stenlesi.

Stenlesi nayo si malaika. Ile ya kawaida, namba 304, ina kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Kwa hiyo hata kwa kifaa hiki, tope lililogusa kuta za boksi unaliacha. Unachota katikati, kwa kijiko cha plastiki, ukiacha sentimita moja pembeni pande zote. Anayetafuta mafuta au viuatilifu afanye kinyume chake: kijiko cha chuma kisafi, chupa ya kioo, na plastiki ikae mbali.

Uchomeleaji nimeuridhia. Alichomelea kwa gesi ya agoni, na kwa kusafishia maungio alinunua diski mpya ya grainda. Niliposikia hivyo nilifurahi sana, maana diski iliyokwishakata nondo inaacha unga wa chuma ndani ya stenlesi, na baada ya wiki chache boksi linaanza kutoa madoa ya kutu. Mafundi wengi wanajua hili lakini wanaona mteja hatagundua.

Jaribio ambalo ningemshauri kila mnunuzi alifanye kabla ya kulipa ni la tochi. Tuliingia kwenye kona yenye giza ya karakana, tukafunga taya, nikawasha tochi ndani ya boksi. Mstari mwembamba wa mwanga ulitokea kwenye kona ya kulia, mfupi kama ukucha. Kwa macho ya mchana taya zile zilionekana zimebana kabisa. Fundi akachukua tupa, akasugua, akafunga, tukatazama, akasugua tena. Mwanga ulipokwisha, akalijaza boksi maji na kulining'iniza kwenye boriti. Lilitoa tone mojamoja kwa mbali, na hilo linatosha. Taya inayovuja haikuletei hasara ya maji peke yake. Maji yakitoka chini yanaunyonya ule utando wa juu, na utando ukishaondoka safari yako yote imekwenda bure.

Hombolo kifaa kilifanya kazi kwa namna iliyonipa raha. Tulikodi mtumbwi kwa mzee mmoja mvuvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatuelekeza sehemu zenye tope refu kuliko ramani yoyote ingeweza kutuelekeza. Boksi lilipopanda, nilifungua kifuniko kimoja. Juu kulikuwa na maji yaliyotulia, angavu, unaona hadi chini. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya sampuli nzuri. Maji yakiwa yamechafuka, mwaga, rudia. Nilipoyanyonya maji kwa mpira mwembamba, uso wa tope ukabaki umelala sawasawa: ngozi ya kahawia, nyembamba, na chini yake ghafla weusi mtupu. Nilipoikata ngozi ile kwa kijiko, harufu ya yai viza ikapanda. Ndani ya weusi kulikuwa na mabuu wembamba wekundu wakijinyonga. Mzee akauliza, "Sasa hao ndio ugonjwa?" Nikamwambia hapana mzee, hao ni mabuu wa visubi, wana damu inayoshika hewa kidogo iliyopo, ndiyo maana wanaweza kuishi humo. Angalau wapo. Tope lisilo na kiumbe hata mmoja ndilo linalonitisha.

Weusi ule na ile harufu vina maana kubwa kwa mtu anayepima sumu, na hapa ndipo kifaa kizuri kinapolipa gharama yake. Ni salfaidi, kemikali yenye salfa. Salfaidi inashika kadimi, shaba, risasi, nikeli na zinki na kuzifunga, kiasi kwamba tope linaweza kuwa na metali nyingi kwenye karatasi ya maabara na bado wadudu wake wasidhurike. Likikorogwa na kupata hewa, kwa mfano wakati wa kuchimbua bwawa au kuchimba njia ya meli, salfaidi inaoza na metali zinaachiwa. Sampuli iliyochotwa kwa ndoo na kutikiswa njiani tangu Hombolo hadi mjini imeshabadilika kabla ya kufika. Sampuli ya boksi inafika kwenye kopo ikiwa na tabaka zake, unajaza hadi mdomoni pasibaki hewa, unafunga, unaitia kwenye boksi la barafu. Ni nyuzi 4, gizani. Za kupima metali tu unaweza kuzigandisha baadaye. Za kupima kwa viumbe usizigandishe kabisa.

Kuhusu ujazo, niseme kwa namba ili mtu asije akalalamika. Kwa kawaida nachukua sentimita 2 za juu, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha hali ya sasa. Ukiacha pembeni kama nilivyosema, unabaki na mraba wa sentimita 13 kwa 13, na hizo sentimita 2 zinakupa kama mililita 340. Kwa metali peke yake ni nyingi mno. Ila ukitaka jaribio la sumu kwa viumbe hai, lile la siku 10 linalotumia vidudu vidogo vya maji baridi viitwavyo Hyalella azteca, kila bika (gilasi ya maabara) linataka mililita 100 za tope na vidudu 10, na utaratibu wa Marekani unapendekeza mabika 8 kwa sampuli moja. Hiyo ni mililita 800, kwa hiyo utashusha boksi mara tatu kila kituo. Mara nyingine tena kwa ajili ya kuchekecha na kuhesabu viumbe waliomo. Mikono itauma, lakini usiruke hatua. Tangu mwaka 1985, watafiti Long na Chapman walipopendekeza kutazama mambo matatu kwa pamoja, yaani kemia ya tope, sumu yake kwa viumbe wa maabara, na viumbe wanaoishi humo kiasili, hakuna tena sababu ya mtu kuandika "tope lina sumu" kwa kutazama namba za risasi peke yake. Namba inakuambia kitu kipo. Kama kinaua, muulize anayeishi humo.

Sitatoa hapa majibu ya maabara, ni mali ya waliogharamia kazi. Ninachoweza kusema kuhusu kifaa ni kwamba sampuli za marudio kutoka kituo kimoja zilikaribiana vizuri, na maji safi niliyosuuzia boksi na kuyapima hayakuonyesha zinki wala risasi ya kunitia wasiwasi.

Kilishindwa kule mto unapoingilia bwawani. Chini pale ni mchanga mkubwa na vijiti vya migunga vilivyoletwa na mafuriko. Kijiti kimoja kikinaswa kwenye taya, boksi linapanda tupu. Hilo ni la Ekman zote, hata ya bei mbaya kutoka nje, kwa hiyo simpi fundi lawama. Tena hapo hata ungepata mchanga haukusaidii sana, kwa kuwa metali hushikana na chembe laini, zile za chini ya maikromita 63. Ukilinganisha mchanga wa upande wa juu wa mto na mfinyanzi wa upande wa chini bila kupima ukubwa wa chembe utadhani uchafu umeongezeka, kumbe kilichobadilika ni udongo.

Wami ndiko kilikolemewa. Kwanza, uzito. Lile boksi ni jepesi, mtu mmoja analiinua kwa mkono mmoja, na bwawani hiyo ni sifa. Mlangoni mwa mto mkondo unalichukua kabla halijagusa chini. Kamba inalala mshazari, kizito kinateleza polepole na kugonga bila nguvu, taya hazifyatuki. Au mbaya zaidi, boksi linatua kwa ubavu na kukuletea tope la kuparua, ambalo juu na chini vimechanganyika. Nahodha wetu, kaka mmoja mtulivu wa pale pwani, ndiye aliyetuokoa kwa kutuambia tuache kushindana na bamvua, tusubiri maji mafu, na tushushe pale maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Tulifanya hivyo, na sampuli safi tukapata. Lakini muda huo wa maji kusimama ni mfupi, na kazi ya siku moja inakuwa ya siku nyingi, huku chombo, mafuta na posho vinahesabika.

Kwa mkondo kama ule unahitaji kichota cha Van Veen, muundo wa mhandisi Mholanzi Johan van Veen wa miaka ya 1930. Kina mikono mirefu inayobana taya kwa nguvu ya kamba yenyewe inapovutwa, hakitegemei kizito cha kuteleza, na uzito wake unakifanya kizame wima. Ubaya wake ni kwamba kile kikubwa cha baharini kinataka winchi na chombo cha maana. Fundi amesema anaweza kutengeneza kidogo cha kuvutwa kwa mikono. Kwa nilivyoona kazi yake naamini anaweza, ila sijakiona, kwa hiyo sikipi alama.

Pili, chumvi. Boksi lenyewe lilivumilia, ingawa kwa kazi ya baharini ya muda mrefu ningeagiza stenlesi namba 316, ambayo ina molibdeni na haitobolewi na chumvi kirahisi. Zilizoniangusha ni springi. Fundi alikuwa ameweka springi za chuma cha kawaida zilizotolewa kwenye mashine kuukuu, na baada ya siku chache za maji ya chumvi zilikuwa zimevaa kutu ya rangi ya chungwa, ikidondoka unga ndani ya boksi. Kwa anayepima chuma au anayetumia chuma kulinganishia metali nyingine, hilo halikubaliki. Niliporudi nilimweleza, akazitoa palepale na kuweka za stenlesi bila kudai nyongeza. Ukiagiza lako, zitaje springi tangu mwanzo.

Nikiwa hapo kwenye chumvi, neno kwa wanaoandika ripoti za milango ya mito: msichukue namba za ziwa mkazipeleka baharini. Katika hizo za Kanada, shaba inaanza kutiliwa shaka ikifika miligramu 35.7 kwa kilo kwenye mashapo ya maji baridi, lakini kwenye mashapo ya baharini ni 18.7 tu. Tope lenye 25 linapita Hombolo na linazua maswali Saadani. Nimeona ripoti ikitumia namba moja kuanzia mlimani hadi kwenye mikoko, na mtu ameitia sahihi. Pia, ukienda huko kumbuka kwamba Saadani ni hifadhi ya taifa. Fuatilia kibali mapema.

Kuhusu huduma. Nililipa shilingi 420,000, stenlesi ikiwa ndani ya bei hiyo, kamba nikanunua mwenyewe. Kwa kazi ya namna ile ni bei ya haki, na ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuagiza nje ukiweka usafiri na ushuru. Alichelewa. Stenlesi nyembamba ya vifuniko ilibidi itoke Dar es Salaam, na wakati wa kusubiri simu zangu hazikupokelewa kila mara. Angeniambia tu "mama, mali haijafika" ningekaa kwa amani. Risiti niliipata baada ya kuidai, na kwa watu wa miradi hilo ni muhimu, msiondoke bila hiyo. Kwa upande mwingine, aliniruhusu nikae karakanani nikitazama kila hatua, alijibu maswali yangu bila kuchoka, na kijana wake wa kujifunza alipewa nafasi ya kufanya jaribio la tochi mwenyewe. Sasa yule kijana anajua kwa nini taya zibane. Nalithamini hilo kuliko punguzo la bei.

Alama zangu: kwa bwawa, lambo na ziwa lenye tope laini, 9 kwa 10. Kwa mlango wa mto wakati wa maji mafu, 6. Kwa mlango wa mto wakati wa bamvua, au kwa mto wenye mchanga na vijiti, usihangaike nacho.

Anayetaka kuagiza apeleke mchoro wenye vipimo, atamke kwamba hataki bati, rangi wala risasi ya kulehemu, aseme springi ziwe za stenlesi, na kama kazi ni ya baharini aulize bei ya namba 316. Fundi amekubali kuongeza vishikio viwili vya pembeni vya kufungia vyuma vya uzito, vinavyotoka na kuingia kwa nati, ili boksi lizame wima kwenye mkondo wa wastani. Changu kipo kwake sasa hivi kwa kazi hiyo. Nikishakijaribu Mtera nitaandika kama vimesaidia.